Mapasa wa Radi ya Kikula

Jumapili, 13 Oktoba

Mwalimu wa kozi ya makocha alituambia kwamba kocha asiye na daftari ni shabiki mwenye filimbi. Basi nimenunua daftari. Mimi ni Eugène, miaka arobaini na sita, zamani beki wa kati. Miaka kumi na moja nililipwa kucheza, minne kati yake upande wa Zambia. Leo nafundisha Radi ya Kikula, timu ya pili kutoka mkiani katika ligi ya mkoa. Tukishuka daraja, komite itanifukuza, na haki itakuwa yao.

Tumefungwa moja bila. Mshambuliaji akilala huota magoli; beki akilala huota mpira unaopita nyuma yake. Niliacha kucheza miaka kumi na moja iliyopita na bado naota. Usiku wa leo najua nitakachoota.

Jumanne, 15 Oktoba

Mvua ya kwanza. Uwanja umekuwa ugali mwekundu. Hakuna mazoezi.

Jumapili, 27 Oktoba

Sifuri kwa sifuri na wale wa Kakanda, nao ni watu wa migodini, miguu yao kama sururu. Pointi moja, namshukuru Mungu.

Niandike kuhusu mapasa wangu, maana bila wao tungekuwa tayari chini kabisa. Mapasa ndivyo tunavyowaita pacha huku kwetu. Blaise ndiye Mbuyi, aliyetangulia kutoka tumboni. Dan ndiye Kabanga, aliyemfuata. Wana miaka ishirini na mmoja na wote wawili ni mabeki wangu wa kati, Blaise jezi namba nne, Dan namba tano. Wakivua jezi siwatambui. Msaidizi wangu Michel huwatambua hata kwa mbali, anasema ni kwa namna wanavyosimama.

Blaise ni moto. Anaruka, anateleza kwenye tope mita tatu na kuuondoa mpira mguuni mwa mtu, na watu wanapanda juu ya ukuta kumshangilia. Nikimtazama najiona mwenyewe zamani. Dan anasimama tu. Dakika tisini leo sikumbuki kama kaptula yake ilichafuka.

Tulipokuwa tunakusanya mipira Michel aliniambia, "Eugène, uangalie na ule mwingine."

"Namuangalia. Hafanye kintu."

"Weye unaangalia paka mupira, mupira tu," akasema, akabeba gunia la mipira akaenda zake. Michel huwa hamalizi maneno. Nilicheza naye miaka sita hapa hapa Likasi, beki kwa beki, kabla sijachukuliwa, na sidhani kama amewahi kuniambia sentensi tatu mfululizo.

Jumatano, 6 Novemba

Siku imenitikisa. Wakati wa mazoezi amekuja bwana mmoja na mwavuli, jina lake Mathieu, anaitafutia wachezaji timu kubwa ya Lubumbashi. Amesimama nyuma ya goli saa nzima. Mwishoni akaniita.

"Coach, ule namba ine. Iko na mwili, iko na roho. Wanatafuta beki mbele ya mwezi wa kwanza kuisha. Nafasi ni moja tu, donc natafuta muntu mumoja. Na ule mwenye kufanana naye?"

"Dan? Anajaribu," nikasema.

Akacheka, akafunga mwavuli. Amesema atarudi tarehe nane Desemba, lakini ana sharti: anataka kumwona Blaise amesimama na beki mwingine, si ndugu yake. Anasema mapasa wamezoeana mno, mtu hajui nani anafanya nini.

Sijamwambia yeyote. Nafasi kama hii nilipata mimi mara moja tu, na ndiyo iliyonijengea nyumba. Najua uzito wake.

Alhamisi, 7 Novemba

Mvua. Sikulala.

Jumapili, 17 Novemba

Tumeshinda mbili kwa moja. Blaise kaokoa mpira kwenye mstari, kwa kichwa. Watu wamembeba. Tumetoka mkiani nafasi mbili. Nilipaswa kufurahi, badala yake nahesabu siku hadi tarehe nane.

Jumamosi, 23 Novemba

Siri imetoka, sijui kwa mdomo wa nani. Mama Élisabeth, mama yao mapasa, amekuja nyumbani. Mjane huyu anauza makala, makaa ya kupikia, sokoni, na Jumapili nzima yuko kwenye kanisa lao la maombi. Mke wangu Fortunée alikuwa anapanga samaki wakavu wa ziwa la Tshangalele kwenye beseni. Akamwekea kiti na kumpa maji. Mama hakuyanywa.

"Tata Eugène, nimesikia unataka kuikalisha Dan na kuchezesha Blaise peke."

"Mechi moja tu, mama. Ni kwa faida ya mutoto."

"Batoto yangu ni mapasa. Wakati balizaliwa, kila muntu mwenye aliingia mu nyumba alileta bintu bibili, sawasawa. Unapa mumoja, unapa na mwingine. Unaikalisha mumoja, unaikalisha na mwingine. Ukibatenganisha, mumoja anagonjwa."

Nikamuuliza mchungaji wake anasemaje.

"Pasta hakuzala mapasa," akasema.

Fortunée akacheka hadi samaki wakamwanguka. Mama Élisabeth hakucheka. "Haina bulozi, haina uchawi, Tata. Ni heshima ya mapasa. Utaona."

Alipoondoka nilimwambia Fortunée kwamba hizo ni imani za wazee wa Kasai, mimi ni Mkatoliki, nina cheti cha kozi. Fortunée akasema, "Cheti hakikuzala mapasa vilevile."

Jumanne, 26 Novemba

Dan amekohoa mazoezini. Nimemuuliza mara tatu kama ni mgonjwa. Mara ya tatu akanitazama kwa mashaka.

Jumapili, 1 Desemba

Mechi ya kirafiki huko Buluo na timu ya walinzi wa gereza. Mbili mbili. Hakuna la kuandika ila kwamba nilitazama mawingu zaidi kuliko mpira.

Jumapili, 8 Desemba

Naandika saa kumi na moja jioni, bado nina tope magotini, na sitaki kusahau hata jambo moja.

Mathieu alikuja na mwavuli wake, akakaa karibu na wenye komite. Nilimpanga Blaise na Kabongo, kijana mzuri, mwaminifu. Dan akakaa kwenye benchi pembeni yangu. Hakuuliza kwa nini. Alivaa jezi yake namba tano, akaikunja vizuri mikono, kama mtu aliye misani.

Dakika ya tisa Blaise aliruka kwenda kukata mpira katikati ya uwanja, kama kawaida yake. Kabla mpira haujapigwa, nikasikia Dan ananong'ona: "Nyuma yako, Mbuyi." Nikafikiri anaomba. Mpira ukapita nyuma ya Blaise, pale pale, na mshambuliaji wao akafunga.

Dakika ya ishirini na tatu. "Nyuma yako. Nyuma yako." Nikahesabu moja, mbili. Goli.

Hapo nikaacha kutazama mpira. Nikamtazama Dan. Alikuwa amekaa ameshika magoti, na miguu yake ilikuwa inatembea pale pale kwenye benchi, hatua mbili kulia, hatua moja nyuma, akienda kila mahali ambapo Blaise alikuwa amepaacha wazi. Kila mara midomo yake ilitangulia hatari kwa sekunde mbili. Mimi, beki wa miaka kumi na moja, mwenye cheti, sikuona hata moja kabla yake. Nyani haoni kundule.

Tumefungwa nne kwa moja. Blaise amepigana kama simba na kila alipopigana ndipo tulipofungwa, kwa sababu siku zote aliweza kuruka kwa kuwa kulikuwa na mtu aliyebaki. Aliondoka uwanjani akilia. Mashabiki walinifuata hadi getini: "Umevunja mapasa! Umevunja mapasa!" Mama Élisabeth alikuwa pale, ametoka kanisani kabla ya maombi kuisha, amesimama kwenye mvua akinitazama, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Mathieu akanishika mkono. "Coach, vraiment, nilijidanganya. Nitatafuta ku Kolwezi."

Nikamwacha aende.

Jumatatu, 9 Desemba

Nina homa. Fortunée anasema ni mvua ya jana. Nimelala mchana kutwa nikifikiria neno moja, na ni bora niliandike maana mficha uchi hazai.

Mwaka nilipochukuliwa, mzee wa timu ya Lubumbashi alikuja kutuona Michel na mimi. Mimi ndiye niliyeruka, Michel ndiye aliyesimama. Baada ya mechi mzee yule aliniita nyuma ya vyumba, akasema ananitaka, kisha akauliza, "Na ule mwenzako?" Nikajibu: "Anajaribu." Neno hilohilo. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na niliogopa kwamba nafasi zingekuwa mbili na yangu ingepungua. Nikaenda. Michel akabaki, akaingia kazi kiwandani, na niliporudi na goti bovu alinipokea kwenye kituo cha basi na kunibebea begi.

Jana niligundua kwamba mwezi uliopita nimemuua Dan kwa kisu kilekile. Naona aibu, naona aibu hata mbele ya daftari.

Jumatano, 11 Desemba

Nimempigia Mathieu mara nne. Hashiki.

Ijumaa, 13 Desemba

Ameshika. Nimemwambia kila kitu: kwamba nilimdanganya bila kujua, kwamba beki anayemtafuta ni namba tano.

"Coach, unaniuzisha sasa pasa wa pili juu ya vile wa kwanza ameoza?"

"Kuya umuone mara moja. Usiangalie mupira. Angalia yeye tu."

Amesema labda. Labda tarehe tano Januari.

Jumapili, 22 Desemba

Mvua kubwa, mechi imeahirishwa. Nyumba tatu za jirani zimeingiwa na maji. Tuko wa pili kutoka mkiani tena.

Jumapili, 5 Januari

Mathieu amekuja. Nilimpanga Dan na Kabongo, na Blaise nikamweka benchi, naye akanitazama kana kwamba nimemtemea mate. Kama mama yao ana haki, basi leo nimemkosea mara mbili.

Moja bila, tumeshinda. Watu wametoka wakilalamika kwamba mechi ilikuwa baridi. Ilikuwa baridi kwa sababu kila washambuliaji wao walipokimbilia mahali walimkuta Dan amekwisha kufika, amesimama, anawangoja. Kabongo, ambaye tarehe nane alionekana mjinga, leo alionekana fundi. Mathieu hakushangilia hata mara moja. Dakika ya sitini akatoa kalamu.

"Huyu ni beki," aliniambia. "Tarehe makumi mbili, asubuhi, mu bureau ya timu. Asikawiye."

Nilitaka kuruka. Kisha nikakumbuka kwamba lazima nimwambie Blaise.

Jumatatu, 6 Januari

Nimemwambia. Tulikaa kwenye ngazi za jukwaa. Nilimweleza yote, na jinsi nilivyokosea mimi, si yeye. Alikuwa anakwangua tope kwenye kiatu kwa funguo.

"Donc ile makofi byote bantu banapigaka, ilikuwa ya Dan?"

"Nusu yake," nikasema.

"Hapana, Coach. Usinionee huruma." Akaendelea kukwangua. "Minye najua. Tangu tuko batoto najua. Nikiruka, sigeukake kuangalia nyuma, juu ya vile najua iko pale. Nilizani ni vile kwa bantu yote."

Siku zote nilimwona Blaise kama kijana wa sifa tu. Leo nimemheshimu.

Alhamisi, 9 Januari

Mama Élisabeth amekataa. Bote ao hakuna, wote wawili au hata mmoja. Nimeenda kwake mara mbili. Mara ya pili alikuwa amejifungia chumbani anaomba kwa sauti, na nikaondoka kimyakimya kama mwizi.

Jumanne, 14 Januari

Siku sita zimebaki. Silali. Fortunée amehamia kwa watoto, anasema nageuka kama samaki kwenye kikaango.

Alhamisi, 16 Januari

Mama amekubali, kwa namna yake. Alikuja mwenyewe uwanjani, akasimama kwenye mstari bila kuingia.

"Bataondoka bote. Saa ile ile, mulango mumoja, begi mbili za kufanana. Bus moja. Bakifika Lubumbashi, Dan ataingia mu kazi yake. Blaise atalala kwa mujomba yake, kesho yake atarudia. Vile hakuna mwenye aliachwa ku nyumba."

Nilimkumbatia. Alinuka makala na sabuni. Akaniambia nisimkunje kitambaa.

Jumatatu, 20 Januari

Wameondoka saa kumi na mbili asubuhi. Begi mbili za bluu, mashati mawili meupe, chapati nne, mbili kwa kila mmoja. Kabla ya kutoka mama aliwapaka wote wawili pemba, udongo mweupe wa baraka, kwenye paji la uso, jikoni kwake, mlango umefungwa, mimi nikiwa shahidi. Akaniambia pasta asijue. Nikaapa.

Kituoni sikujua nimshike nani mkono, nikawashika wote wawili na kusema maneno yaleyale mara mbili. Michel alisimama kando na mwavuli. Basi lilipogeuka mmoja wao alikuwa analia dirishani. Sikuweza kujua ni yupi.

Moyo wangu umetulia kwa mara ya kwanza tangu Oktoba. Kwa mchana mmoja.

Jumanne, 21 Januari

Saa nane mazoezi yakaanza, na Blaise akaja amevaa namba nne. Amerudi na basi la asubuhi, anasema Dan amefika salama, ameingia, ni vizuri. Nikampiga begani. Tukagawa timu mbili.

Shambulio la kwanza, mpira ulipigwa juu kuelekea katikati. Mpira wa Blaise kabisa, ule wa kuruka. Namba nne hakuruka. Akarudi hatua mbili nyuma, akageuza bega, akangoja. Mpira ukamwangukia kifuani.

Nilijua papo hapo. Na niandike ukweli wote, maana daftari hili halina faida nyingine: nilijua kabla ya Michel, na nikanyamaza. Nilinyamaza dakika nne, tano. Nilikuwa nawaza kwamba Dan akibaki, Radi haishuki daraja. Nilikuwa nawaza kwamba kule Lubumbashi Blaise atagunduliwa Jumapili ya kwanza, hilo litakuwa kosa lao. Woga wangu una akili sana ukitaka.

Michel ndiye aliyepuliza filimbi. Alitembea hadi katikati ya uwanja, polepole, mwanaume wa miaka arobaini na saba mwenye tumbo, akamshika kijana jezi kifuani.

"Dan. Ndugu yako iko wapi?"

Kijana akainama. "Alilia mu bus, Papa Michel. Tangu tunatoka Likasi alikuwa analia. Asubuhi mbele ya bureau nilimupa carte yangu ya utambulisho na ile karatasi balinipa jana ya kusaini leo. Minye niko sawa huku. Kweli. Sina shida."

Michel akampiga kofi. Katika miaka yote sijawahi kumwona akipiga hata mbwa.

"Huna shida! Nani alikuambia huna shida? Minye pia nilisemaka vile!" Sauti yake ilipasuka, wachezaji wote wakasimama. "Ule muzee wa Lubumbashi alinikamata minye wa kwanza! Minye! Alisema, weye ndjo beki. Na minye nilimuambia hapana, ukamate Eugène, yeye ndjo iko na roho ya kwenda mbali, minye niko sawa huku. Niko sawa! Myaka makumi mbili na mbili, kila siku nageuka mu kitanda najiambia niko sawa!"

Hakunitazama. Sidhani kama alikumbuka kwamba nipo. Alimvua Dan ile jezi namba nne kwa mikono yake, akampa shati lake mwenyewe, akamshika mkono kama mtoto, wakatoka getini kuelekea kituoni, Michel akiwa na singleti tu kwenye manyunyu.

Niliendelea na mazoezi. Sijui niliwafundisha nini. Kwa hiyo yule mzee aliponiuliza habari za Michel, alikuwa tayari na jibu la Michel mfukoni, alikuwa ananipima tu, na mimi nikasema anajaribu.

Saa moja usiku simu ikalia. Michel, kutoka Lubumbashi. Mathieu alipiga kelele, kisha akamwambia Dan asimame kwenye mlango, akamkagua jinsi anavyosimama, akamruhusu kuingia. Mkataba wa mwaka mmoja umesainiwa, kwa jina lake mwenyewe. Blaise yuko na Michel, amenunuliwa soda, wanarudi pamoja.

Nikamuuliza, "Michel, juu ya nini hukuniambia? Myaka yote ile."

Nilisikia kondakta akiita watu wa Likasi.

"Ungecheza na woga," akasema.

Nikamwambia kwamba nilicheza na woga vilevile, kila mechi, hapa na Zambia, na sikujua ni wa nini. Nikamwomba msamaha kwa lile neno nililomwambia mzee, nikalitaja neno lenyewe. Akasema alilijua, mzee alimwambia siku ileile. Akasema bus inaondoka, nimwambie mama wa mapasa aweke maji ya kuoga ya Blaise kwenye moto, akakata simu.